Maswali ya Wasomaji: Ngoma Imetoka Studio, Sasa Iende Wapi?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasanii wasio na lebo wala meneja, kuanzia Tunduma hadi Iringa mjini. Tumechagua nane na kuzifupisha. Majina hatukuyaandika.

Shikamooni. Ninaishi Mwanjelwa, Mbeya. Wimbo wangu wa pili umekamilika, video bado. Nina shilingi 300,000 za promo. Kuna kijana anataka nimpe 150,000 aniwekee watazamaji 50,000 YouTube, eti ukianza na namba kubwa redio zenyewe zitanitafuta. Nimpe?
*Msanii, Mwanjelwa*

Marahaba, mdogo wetu. Usimpe hata mia. Hao 50,000 si watu, ni simu na kompyuta zilizopangwa kufungua na kutoka. YouTube huwafuta, kwa hiyo unaweza kulala na 50,000 ukaamka na 900. Wasipofutwa ndiyo hasara kubwa zaidi, maana YouTube hupima mtu amekaa na video yako kwa muda gani. Wakiingia elfu hamsini na kutoka baada ya sekunde tatu, mfumo unaona wimbo hauna mvuto, unaacha kuupendekeza hata kwa yule mtu wa Uyole ambaye angeupenda kweli. Hapo umelipa ili ufichwe. Spotify nako ukikamatwa na wasikilizaji wa kununua, wimbo unaweza kuondolewa, na faini inayompata msambazaji anaweza kuishusha kwako. Mtangazaji mzoefu naye hadanganyiki: watazamaji 50,000, komenti sita, na nne kati ya hizo ni za binamu zako.

Hizo 300,000 sisi tungezigawa hivi: 70,000 ya msambazaji wa kidijitali (kampuni inayopeleka wimbo wako Spotify, Boomplay na kwingineko), 50,000 picha na kava, 60,000 video fupi tatu za kiitikio zilizopigwa kwa simu nzuri, 30,000 bando, 40,000 nauli, flashi na vocha, na 50,000 matangazo ya kulipia Facebook na Instagram. Hiyo ya mwisho usiiguse siku ya kuachia wimbo. Weka kwanza video zako tatu bila kulipia, subiri siku nne au tano, uone ni ipi watu wanaitazama hadi mwisho na kutumiana. Hiyo ndiyo uilipie, 5,000 kwa siku, siku kumi. Kwenye eneo chagua Mbeya na vitongoji vyake, usichague Tanzania nzima. Elfu hamsini ikitawanywa nchi nzima haionekani. Ikibaki Mbeya mjini, Mbalizi na Uyole, mtu yuleyule anakutana nawe mara mbili tatu na jina linaanza kumkaa. Lengo la tangazo liwe watu kutazama video au kubofya kiungo cha wimbo. Ukichagua kupata "like" utaletewa watu ambao kazi yao ni kugonga like. Kama huna kadi ya benki, kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya M-Pesa inatosha kulipia.

Lakini kinachoua nyimbo nyingi za wanaoanza ni haraka kuliko ufinyu wa hela. Wimbo unatoka studio Jumatano, Ijumaa mtu anataka uwe hewani kote. Mpe msambazaji wiki tatu hadi nne. Faili liwe WAV (sauti isiyobanwa) kutoka kwa prodyuza, wala si MP3 iliyobadilishwa kuwa WAV, maana hiyo haipati ubora iliokwisha kuupoteza. Kava liwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu, bila alama ya WhatsApp, bila anwani ya mtandao, bila maneno "inapatikana YouTube". Vitu hivyo ndivyo vinavyorudisha maombi mengi nyuma, na kila kurudishwa kunakula siku. Wimbo ukishaingia kwenye mfumo na tarehe ya mbele, fungua akaunti yako ya msanii ya Spotify na uuwasilishe kwa wapanga orodha za nyimbo angalau siku saba kabla haujatoka. Ukiwahi hivyo, wafuasi wako wataupata kwenye orodha yao ya nyimbo mpya. Ukichelewa, nafasi hiyo kwa wimbo huo haipo tena. Boomplay usiisahau. Audiomack unaweza kupandisha mwenyewe bure. Mdundo nao wana faida yao huku kwetu: mtu anapakua wimbo mara moja na kuusikiliza mwezi mzima bila bando, na msanii anagawiwa mapato ya matangazo.

Mambo mawili ya kuandika kwenye daftari. Kwanza ISRC, namba ya wimbo yenye herufi na tarakimu 12. Ukihama msambazaji bila kuitumia ileile, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza upya kana kwamba wimbo umezaliwa leo. Pili, soma kama unalipia kwa mwaka au mara moja. Kwa wasambazaji wengine wa mwaka, ukiacha kulipa nyimbo zinashushwa. Na usipige hesabu ya utajiri mapema: tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12.

Nipo Kihesa, Iringa, nasoma chuo huku naimba. Nimewatumia watangazaji tisa wimbo wangu kwa WhatsApp. Tiki za bluu naziona, jibu silioni. Nakosea wapi? Na mmoja, sitamtaja, kaniambia "toa kwanza ya soda".
*Dada wa Kihesa*

Dada, fungua simu uangalie ulichotuma. Kama uliutuma kama odio, upande wa pili kuna uwezekano mkubwa umeingia ukiitwa kitu kama AUD-20250314-WA0027. Mtu anayeshusha nyimbo arobaini za wiki kwenye kompyuta ya studio, wako kwake ni namba isiyo na mwenyewe. Hata akiupenda, amtaje nani? Tuma kama dokumenti ili jina libaki, na faili liandikwe jina la msanii, kistari, jina la wimbo. Kisha jaza taarifa za ndani ya faili: msanii, wimbo, prodyuza, mwaka. Redio za magari na programu nyingi za studio husoma hizo, hazisomi jina la nje. Ndiyo maana wimbo uliozungukia tovuti za kupakua bure mara nyingi hutokea kwenye kioo ukiwa na jina la tovuti mahali pa jina la msanii.

Andaa matoleo mawili. La redio liwe na sekunde nane hadi kumi na mbili za ala kabla sauti haijaingia, maana hapo ndipo mtangazaji anapokutaja. Wimbo unaoanza kwa sauti papo hapo unamnyima nafasi hiyo, ataupiga kimyakimya au ataukatia katikati. La mtandaoni lifanye kinyume: mtu anayepitisha kidole TikTok hakupi sekunde nane, kiitikio kiingie mapema. Toleo la redio lisiwe na tusi wala jina la bia au duka, maana jina la biashara kwao ni tangazo, na tangazo hulipiwa. MP3 ya kiwango cha kbps 320 inatosha.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi, kama huu: "Habari za kazi, kaka. Naitwa (jina), naishi Kihesa. Wimbo unaitwa (jina), dakika 3 na sekunde 5, wa mapenzi, wa taratibu, nadhani unafaa kipindi chako cha usiku. Umetengenezwa na (prodyuza). Nipo tayari kuja studio siku yoyote baada ya saa kumi." Hapo umemwonyesha kuwa unasikiliza kipindi chake. "Bro naomba sapoti" anaipokea mara ishirini kwa siku. Usitume akiwa hewani. Kumbusha mara moja baada ya wiki, basi. Na usiishie kwa watangazaji tu: vituo vingi vina mkuu wa vipindi au mtu anayetunza maktaba ya muziki, na wimbo ulioingizwa kwenye mfumo naye hupigwa hata mtangazaji wako akiwa likizo. Nenda asubuhi, na flashi yenye nyimbo mbili tu.

Kabla ya yote hayo, jaribu wimbo kwenye simu yenye spika moja. Kuna prodyuza hutandaza sauti za kiitikio kulia na kushoto kwa namna ambayo kwenye hedifoni ni tamu, lakini pande mbili zikiunganishwa zinafutana na kiitikio kinazama. Spika za daladala na redio ndogo ya jikoni huunganisha hivyohivyo. Mwambie akusikilizishe kwa mono, yaani pande mbili zikiwa zimeunganishwa. Mkanye pia asiubane wimbo hadi mwisho ili "upige kelele". Kituo cha FM kina mtambo wake wa kubana sauti, na wimbo uliokwisha kubanwa ukibanwa tena unatoka na mikwaruzo.

Kuhusu ya soda. Kama kituo kinauza muda, kuna idara ya masoko, bei ya maandishi na risiti. Hiyo ni biashara, kubali au kataa. Inayoingia mfukoni mwa mtu ni kitu kingine, na siku akihama kituo ameondoka na wimbo wako. Mjibu kwa adabu: "Kaka, kwa sasa bajeti hairuhusu, ila kwenye kipindi nipo tayari kuja muda wowote." Usimwanike mtandaoni. Peleka wimbo kwa mkuu wa vipindi.

Nilichukua biti YouTube, wameandika ya bure. Nikaimba, nikaachia kupitia msambazaji. Sasa nimeletewa dai la hakimiliki kwenye video yangu mwenyewe na mapato yanaenda kwa mtu wa nje. Nimeibiwa?
*Kijana wa Mafinga*

Hapana, ulikopa bila kujua. "Ya bure" mara nyingi maana yake ni bure kama hupati hela, na masharti huwa yameandikwa chini ya video pale ambapo hakuna anayesoma. Biti hiyohiyo huenda imeimbiwa na watu mia mbili. Mmoja wao, au mwenye biti, akiiandikisha kwenye Content ID ya YouTube, mtambo unaikamata kila inaposikika. Na kama nawe kwa msambazaji uliweka tiki kwenye Content ID, basi kuna wenzako unaowadai bila haki, na msambazaji anaweza kukufungia akaunti. Tiki hiyo ni ya mwenye biti ya kipekee tu. Iondoe leo.

Usikimbilie kupinga dai. Dai huelekeza mapato kwa mwingine, lakini video inaweza kubaki na chaneli ni salama. Onyo la hakimiliki ni jambo jingine: matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli, na kupinga bila karatasi ndiyo njia ya kuligeuza dai kuwa onyo. Tafuta barua pepe ya mwenye biti, nunua leseni, tunza risiti na mkataba, muombe aachie dai. Akikaa kimya, hapo ndipo upinge ukiambatanisha leseni. Aliyedai ana siku 30 za kujibu. Soma pia ukomo wa leseni, maana nyingi za bei ndogo zina idadi ya mwisho ya wasikilizaji.

Wimbo ujao fanya na prodyuza wa hapohapo Mafinga au Iringa na muandikiane karatasi moja: nani anamiliki masta (rekodi halisi ya wimbo), nani anapata asilimia ngapi, jina la biti, tarehe, sahihi. Prodyuza anayekurekodi "bure" bila karatasi siku wimbo ukishika atakuja na masta yake mkononi. Ukishamaliza, kazi iandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inakulinda tangu wimbo ulipotengenezwa, ila mkigombana, aliyeandikisha ana pa kuanzia.

Ndaga (asante) kwa safu yenu. Kwaya yetu ya Kimoraviani ina watu 34. Tumerekodi nyimbo nane pamoja na video. DVD hazinunuliwi tena. Vijana wanasema tuweke zote YouTube, mwenyekiti anasema tukiweka hakuna atakayenunua flashi.
*Katibu wa kwaya, Tukuyu*

Mwenyekiti ana hoja na vijana wana hoja. Weka YouTube mbili kati ya nane, zile mbili zinazopendwa zaidi ibadani, kwa kupishana wiki sita. Mwishoni mwa kila moja paandikwe kwamba nyingine sita ziko kwenye flashi, na namba ya katibu.

Flashi ndiyo inayowaletea hela, na ndiyo inayoharibiwa na uzembe mdogo. Ifomati kwa FAT32. Redio nyingi za magari na subufa hazisomi mfumo mwingine, na mnunuzi akichomeka ikakataa anasema kwaya imemuuzia flashi mbovu. Video ziwe MP4 za kawaida, ubora wa 720 unatosha. Ukiweka za ubora wa juu sana, deki za bei nafuu zinagandaganda, na kwenye FAT32 faili moja haliwezi kuzidi GB 4. Majina yaanze na 01, 02, 03. Kabla ya kununua flashi mia moja nunua tano, zijaze hadi juu na uzisome tena, kwa sababu kuna flashi zimeandikwa GB 8 zenye GB 2 ndani. Tuseme flashi na kibandiko chake vinawagharimu 7,500 na mnauza 12,000. Mia moja zinawaachia 450,000.

Kuna bidhaa nyingine ambayo kwaya nyingi huisahau: nota. Mwalimu wa kwaya wa Kyela au Busokelo akiupenda wimbo wenu hataki kuusikia tu, anataka kuufundisha. Andikeni sol-fa ya nyimbo zote nane, mchapishe kijitabu, mkiuze pamoja na flashi kwenye tamasha na sikukuu ya mavuno. Kwaya ikiimba wimbo wenu na kutaja ni wenu, hilo tangazo hamkulilipia.

YouTube yenyewe isiwape ndoto. Ili kuanza kugawiwa matangazo yote mnahitaji waliojiunga 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila mtu akikaa dakika nne, mnahitaji kutazamwa mara 60,000. Video fupi zinazopita kwenye mkondo wa Shorts hazihesabiwi kwenye saa hizo. Chaneli ifunguliwe kwa barua pepe ya kwaya, na nywila wawe nayo watu watatu. Kijana aliyeifungua kwa barua pepe yake akipata kazi Dar, kwaya inabaki inatazama chaneli yake kama mgeni.

Nataka wimbo wangu upigwe kwenye bajaji na mabasi hapa Tunduma. Nigawe flashi bure?
*Msanii wa mpakani*

Usigawe. Dereva atashukuru, atafuta wimbo wako na kujaza nyimbo zake. Badala yake ingiza wimbo wako kwenye flashi aliyonayo tayari. Chukua kijiwaya cha OTG (cha kuunganisha flashi na simu), simu yako ibebe wimbo, nenda kijiweni saa ambazo abiria ni wachache. Dakika moja kwa kila bajaji. Uwe unajua jambo hili: redio nyingi za bei nafuu hazipangi nyimbo kwa alfabeti, hupiga kwa mpangilio zilivyoingizwa. Wimbo ulioingia mwisho kwenye flashi yenye nyimbo mia tatu utasikika kesho kutwa. Mwombe dereva mhamishie nyimbo zake kwenye simu, muingize wa kwako kwanza, kisha mrudishe zake. Akikataa, muache, bajaji ni nyingi.

Muhimu zaidi ni vile vibanda vya kuingizia watu nyimbo kwenye memori na flashi. Mwenye kibanda ana folda ya nyimbo mpya na ndiyo anayoinakili kwa kila mteja. Ukiwa humo unasafiri hadi vijiji ambavyo hutafika. Rudi kila baada ya wiki mbili, maana hukarabati kompyuta na kufuta. Kwa mabasi, ongea na konda na upeleke video, si odio.

Na kwa kuwa anayekusikia kwenye bajaji haoni jina lako popote, toleo hilo liwe na sauti ya sekunde tatu mwanzoni inayolitaja jina lako na jina la wimbo. Prodyuza tayari anajitaja. Wewe unaogopa nini? Kama unakijua Kinamwanga, weka hata ubeti mmoja. Wanamwanga wapo pande zote mbili za mpaka, na kutoka Tunduma kuingia Nakonde ni kutembea tu.

Kamwene! Tumefanya shoo mbili Makambako kwenye ukumbi wa baa, zote tumepata hasara. Ya mwisho waliingia watu 37.
*Kundi la watu watatu, Makambako*

Kamwene. Hamkuandika mlilipa nini, lakini tunahisi mlikodi ukumbi na mziki kwa hela yenu. Msikodi. Mwenye baa anauza vinywaji, nanyi mnamletea wanywaji. Kubalianeni yeye atoe ukumbi na umeme, ninyi mchukue kiingilio. Kiingilio cha 3,000 kwa watu 80 ni 240,000. Toeni mziki na fundi mitambo 100,000, mabango na nauli 30,000, mnabaki na 110,000 ya watu watatu. Kama hesabu hiyo haifungi kwa watu 40, punguzeni gharama, msipandishe kiingilio.

Kibali mkiombe mapema kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na ninyi wenyewe muwe mmesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Polisi wakifika saa tatu usiku na karatasi hamna, shoo imeisha na kiingilio mnarudisha. Umeme mkate shauri na mwenye baa kabla: jenereta ipo? Mafuta ya nani? Na mlangoni asikae rafiki wa msanii, kwa sababu rafiki ana marafiki.

Mimi ni wa Kyela. Ni mwezi gani mzuri wa kuachia wimbo?

Mpunga ukishavunwa. Kuanzia Juni hadi Septemba watu wana hela, barabara za vijijini zinapitika, harusi na sendofu zinaanza kujaa, na mwanzoni mwa Agosti Nane Nane inakusanya watu wa mikoa ya nyanda za juu kusini pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Anza kutafuta nafasi kwenye mabanda Juni. Agosti ikifika umeshachelewa. Wimbo wa harusi uachie mara baada ya Pasaka ili ma-DJ na ma-MC wauzoee kabla msimu haujapamba moto. Ndani ya Kwaresima usiuachie, sherehe ni chache na ma-DJ wa kumbi hawana pa kuujaribia. Wimbo wa vyuoni subiri vyuo vifunguliwe.

Wimbo wangu umetokea Spotify na Boomplay kwenye ukurasa wa msanii mwingine wa Nigeria mwenye jina kama langu. Nifanyeje?
*Njombe*

Mwandikie msambazaji wako, si Spotify, umpe ISRC na kiungo cha ukurasa ulikokosewa, umwombe akufungulie ukurasa mpya wa msanii. Ukishapata ukurasa wako, kwenye wimbo unaofuata weka kiungo chake pale fomu inapouliza kama msanii huyu tayari yupo. Usipokiweka, mfumo utakurudisha kwa Mnaijeria.

Ila fikiria kubadili jina kabisa, maana hata mashabiki wa Njombe wakikutafuta wanampata yeye. Andika jina jipya YouTube, Spotify, Boomplay, TikTok na Instagram. Likitokea tupu kote, lichukue kote siku hiyohiyo, hata kama TikTok hutumii.